Anza Upya

Mwalimu Kageha aliileta ndani ya sanduku la viatu,
ameizungushia kitambaa kama mayai ya kienyeji:
miwani nyeusi, nzito, isiyoonyesha nje.
"Uhalisia pepe," akasema. Mimi nikasikia pepo,
nikashika meza.

Mwanangu Randiki ana miaka tisa, ana usonji.
Nyuzi zote za kabati langu anazijua kwa nambari,
lakini "habari yako" humkwama kooni
kama mwiba wa ngege.

Ndani ya miwani kuna soko.
Mwalimu alinivisha, nikaliona:
kibanda kimoja, nyanya nne nne kila fungu,
zote sawa, hakuna iliyopondeka, hakuna inzi.
Mwanamke mwenye shingo ndefu anasema, Karibu, mteja,
kisha anangoja.
Anangoja, jamani! Nilihesabu hadi kumi na moja
na tabasamu lake halikulegea hata uzi mmoja.
Mimi niliyemzaa sijawahi kumngoja hivyo.
Mimi humjibia.

Ukikosea, kona ya chini, kushoto,
kuna kitufe cha kijani: ANZA UPYA.
Unabonyeza, na dunia inakunjuliwa tena
kama kitambaa kilichotoka dukani,
bila kunyanzi, bila kinyongo.

Wiki sita. Jumanne na Alhamisi, baada ya uji.
Nilimtazama akiongea na ukuta wa darasa,
akipokea chenji ya hewa,
akiihesabu.

Jumapili nikampeleka Kibuye.
Kibuye yenyewe: omena, matope ya mvua ya jana,
wauza mitumba na vipaza sauti vyao vilivyopasuka,
mkokoteni unaokuja kabla ya onyo lake.
Nikamwachia mkono langoni.
Nyar Seme alikuwa kwenye nyanya zake, simu begani.

"Hujambo, mama. Naomba nyanya nne, tafadhali."
Kiswahili cha mtihani. Kibuye nzima hakuna asemaye hivyo.
"Nini? Sema haraka, baba, watu ni wengi."

Mabega yake yakapanda hadi masikioni.
Nilikuwa nimeshainua mguu.
Kisha kidole kikatoka, kikabonyeza hewa,
chini, kushoto,
akageuka, akanipita kana kwamba mimi ni nguzo ya stima,
akafika langoni, akaja tena.
"Hujambo, mama..."
Mteja mwingine akamkatiza.
Kidole. Hewa. Langoni.
Watu wakaanza kukodoa. Mmoja akasema, huyo amerogwa,
na mimi, Mungu anisamehe, nikatazama viatu vyangu
kama mtu asiye na mtoto.

Mara ya tatu Nyar Seme alikata simu.
Alikuwa amekiona kile kidole.
Akajifunga leso upya,
akalipanga upya fungu lililomwagika,
kama mtu anayefungua biashara alfajiri,
akaketi wima.
"Karibu, mteja," akasema.
Akangoja.

Nilihesabu. Saba. Nane.
Mkokoteni ukapita katikati yao. Tisa.
Nyuma mtu anadai sukumawiki yake, Nyar Seme hamtazami.
Kumi na moja ikaja, ikapita.
Kumi na tatu.
"Naomba nyanya nne."

Akampa tano, moja ya kuongezea.
Randiki akairudisha moja.
Aliomba nne.

Usiku nikamuuliza kama alilipenda soko.
Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu,
nikaling'ata kama uzi.
Nikasimamisha cherehani, nikahesabu.
Ishirini. Ishirini na tano. Mbwa wa jirani akachoka kubweka.

"Lina inzi," akasema.