Zulia Juu ya Barafu

Risiti nimeikuta ndani ya kiatu chake cha jeshi,
cha kushoto, imekunjwa mara nne
kama barua ya mapenzi ya mtoto wa shule.
Hoteli ya kando ya uwanja wa ndege, Minneapolis.
Chumba 214. Ameingia Ijumaa.
Ametoka Jumatatu.

Mchezo ulikuwa Jumatatu.

Nilikuwa na miaka saba.
Walituambia, mimi na mama, tumeshinda bahati nasibu:
viti vya mbele, pua zetu kwenye kioo,
soda kubwa kuliko kichwa changu.
Baada ya kipindi cha pili wachezaji wakaondoka na magongo yao,
vijana wanne wakatandika zulia juu ya barafu,
taa zikazimwa, ikabaki moja,
na mtangazaji mwenye sauti ya asali na changarawe
akaomba familia ya Sajini Orrin Halvorsen isimame.

Kwenye skrini, baba. Nyuma yake mchanga.
“Nitarudi theluji ikiyeyuka,” alisema,
na mama akafunika mdomo kwa glavu.
Basi ukafunguka ule mlango wa mashine ya kulainishia barafu
na theluji haikuwa imeyeyuka, na baba akatoka.

Nilikimbia.
Zulia lilikuwa fupi.
Nikateleza, nikamfikia kwa magoti,
na watu elfu kumi na saba
wakacheka na kulia kwa pumzi moja.

Sasa nahesabu kwa vidole, mtu mzima mimi.
Jumamosi usiku jino langu la mbele lilitoka.
Nililiweka chini ya mto, kama desturi ya kwetu,
asubuhi nikakuta dola moja, na mama akanikalisha mezani:
mwandikie baba.
Nikaandika. Nikachora pengo.
Barua ikavuka bahari mbili kwenda jangwani,
ikamkosa, ikarudi mwezi Mei na mihuri sita.
Naye alikuwa umbali wa dakika ishirini,
anakula chipsi zilizopoa,
ameambiwa asisogelee dirisha.

Yapo mengine niliyoyasoma baadaye, gazetini,
mwaka ule ankara zilipotoka kabatini:
bendera ya kufunika uwanja, na mikono mia ya kuishika;
salamu kwa askari, kila mchezo wa nyumbani;
mkutano wa kushtukiza, mmoja, dakika mbili na nusu.
Mimi ndiye yule mmoja.
Nilidhani klabu ilitupa shukrani. Klabu iliiuza.
Mnunuzi alikuwa jeshi lenyewe,
kwa kodi ya hao hao waliosimama kupiga makofi
na tiketi wameshalipia mlangoni.
Kizuri chajiuza, husema watu.
Kwa nini basi hiki kilihitaji wakala,
na kamera tatu, na kilemba cha ukoka
kilichopimwa kichwa cha baba yangu tangu Ijumaa?

Nikamfuata gereji.
Alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine ya theluji,
plagi mkononi, miwani kwenye paji.
Nikamwonyesha karatasi.
Aliitazama kwa muda, kama mtu anayesoma joto la mgonjwa.

“Kitanda kilikuwa laini mno,” akasema.
“Nililala sakafuni.”
Kisha: “Usiku wa pili nilishuka mpaka kwenye simu ya ukumbini.
Nikabonyeza namba sita za nyumbani.
Ya saba nikaishikilia kidole juu yake.”

Nje, jirani alikuwa anakwangua kioo cha gari.

“Ungebonyeza,” nikasema.

“Wangemkosa mtoto wa kukimbia.”
Akafuta plagi kwa shati, akairudisha mahali pake, akaikaza.
“Lakini kule kuteleza, Maren,
hakukuandikwa kwenye mkataba wowote.
Nilikuwa nimeagizwa nisimame palepale penye alama ya utepe.
Ulipoanguka, niliiacha.”

Akavuta kamba. Mara ya kwanza haikuwaka.
Ya pili pia.
Nikashika mpini upande wa pili, tukavuta.