Hakuna Uhusiano

Mita sita. Nilizipima kwa kamba ya katani
kwa kuwa tepu niliisahau gesti,
na Mwalimu Mntambo akaweka jiwe pale mtoto asimame.
Ukutani nikabandika chati: herufi moja tu, yenye meno matatu,
inalala, inasimama, inageuza mgongo,
juu kubwa kama kiganja, chini ndogo kama sisimizi.
"Onyesha kwa mkono, meno yanatazama wapi?"
Darasa la nne, Ngamiani, saa tatu asubuhi,
foleni imepinda hadi vyooni.

Mwatumu Mbwana, fomu ya mia mbili na kumi na mbili,
alijibu haraka kuliko wote.
Juu. Kulia. Chini. Chini. Kushoto.
Hakukosea hata mstari wa sisimizi.
Nikaandika: macho mazima.

Ila alikuwa amekunja uso
kama mtu anayetunga uzi gizani,
na Hiza, nyuma yake, alicheka kiganja mdomoni.
Nikaitundika chati kichwa chini.
Juu, akasema. Kulia. Chini. Chini. Kushoto.

Watoto thelathini walimtangulia;
aliwasikiliza wote, akahifadhi kama dua ya kulalia.
Ubaoni haoni kitu tangu la pili.
Hesabu anaziandika kwa kusikiliza chaki:
moja hukwaruza mara moja,
nane huzunguka, hairudi haraka.

Jioni nikaenda kwao na dodoso la chakula.
Mama yake, Bi. Mwanakombo, anakaanga bajia Barabara ya Kumi na Tatu.
Akafuta mikono kwenye kanga,
akakaa wima kama aliyeitwa kwa kadhi.
Mayai? "Kila siku."
Samaki? "Kila siku, mwanangu."
Papai, karoti, mchicha wa nazi? Kila siku, kila siku.
Maziwa? "Kila siku."
"Maziwa gani, mama?" akauliza mdogo wake Mwatumu,
akatumwa chumvi ambayo ilikuwepo.

Nilijaza nilichoambiwa.

Miezi kumi na minne. Watoto mia sita na wanne.
Mimi nilikuwa nimeweka imani yangu kwenye sahani;
pendekezo la utafiti lilisema hivyo, kurasa arobaini,
na msimamizi wangu akaandika pembeni: "Inavutia."
Nikapima mikono kwa utepe, nikachukua matone ya damu,
nikahesabu dagaa mpaka nikawaota.
Kisha kompyuta ikakoroma usiku kucha, ikatema mstari mmoja:
hakuna uhusiano.

Si kwamba chakula si kitu.
Yule asiyeona magharibi ikiingia, dawa yake inaweza kuwa kwenye papai na maini.
Lakini huyu wa kutoona mbali, jicho lake limerefuka tu,
milimita moja, pengine mbili,
kama mguu unavyoiacha suruali;
picha inatua kabla ya kufika nyumbani.

Nililia kidogo, sikatai.
Sura ya tano ilikuwa imekufa na mimi ndiye mfiwa.

Nikarudi Barabara ya Kumi na Tatu na miwani mfukoni.
Nikamwambia Bi. Mwanakombo: si chakula.
Katika watoto mia sita sikuona kosa la chungu cha mtu.
Akaacha mwiko ndani ya mafuta.
"Sema tena."
Nikasema tena.
"Kwa hiyo ile miezi ya uji mtupu, baba yake alipo…"
Hakumaliza. Bajia zikaanza kuungua,
na hakuna aliyezigeuza.

Mwatumu akavaa miwani, kimya.
Akatazama baiskeli zikipita, kila moja na njiti zake,
akatazama nyaya za umeme, kunguru, na kile alichoshika kunguru.
Akafika kwenye kibao cha duka la ng'ambo,
duka analotumwa tangu ana miaka mitano.
Akakisoma mara mbili.
"Kumbe," akasema, "wamekosea herufi."