Mkanda wa Chumba cha Tisa

Daftarini tuliandika: *kwa usalama wake.*
Wino wa buluu, mwandiko wangu, Tjitske, zamu ya usiku.
Mkanda mpana, kufuli la sumaku,
ufunguo shingoni mwangu, pamoja na kitambulisho.

Saa kumi alfajiri, bila saa ya kumwamsha,
mzee Wobbe aliinuka,
yaani alijaribu,
mkanda ukamrudisha godoroni.
Aliwahi kufuga ng'ombe arobaini nje kidogo ya Workum.
Kamba aliijua, na urefu wake.

Tuliandika: *ana fujo.*
Siku moja aliniuma mkono.
Kidonda kilipona siku ya tisa, nilizihesabu.
Usiku wake sikuuhesabu.

Akaja Ymkje, ajira ya juzijuzi, soli bado nyeupe,
akauliza mkutanoni, mdomo una biskuti:
"Kwani huamka anataka nini?"

Tukatazamana.
Miaka mitatu.

Alitaka kukojoa.

Alitaka kukojoa, kisha avae mabuti ya mpira,
akae nayo ukingoni mwa kitanda, basi.
Tukakishusha kitanda hadi kimo cha ndoo,
tukatandaza godoro jembamba sakafuni,
taa ndogo njia nzima ya msalani.
Saa kumi kasorobo namfikia
kabla haja haijamfikia.

Sifichi: alianguka.
Novemba, upepo unagonga mabati ya ghala la baiskeli.
Nyonga salama, lakini jicho lilivilia damu,
likawa biringanya.
Nikampigia Froukje, bintiye, ulimi mzito,
nikingoja anitaje jina mbele ya wakili.
Kimya.
Kisha: "Alikuwa anakwenda wapi?"
"Dirishani."
"Alifika?"
"Alifika. Alianguka akirudi."
Nikamsikia akipenga kamasi.
"Basi," akasema, "msimfunge."

Mkanda umo droo ya chini, chini ya mashuka ya akiba.
Umeshika umbo la kiuno chake,
haukunjiki vizuri.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini ufunguo bado uko shingoni.
Chumba cha kumi na nne Bi. Baukje amefungwa hadi leo,
wanawe wanaogopa, daktari anasubiri wanawe,
na mimi niko peke yangu, vyumba ishirini na viwili,
kengele tatu zinalia kwa pamoja,
na kuna usiku, napita mlangoni pake,
nashukuru kwamba yeye hatatoka.

Hilo nalo naliandika.
Wino wa buluu. Mwandiko uleule.