Mawe ya Redio

Mvua ilianza saa nne usiku, ikakaa.
Alfajiri mlima ulikuwa umeshuka hadi jikoni
bila kubisha hodi,
umekalia kiti cha baba.

Nyumba tatu juu yetu hazipo.
Yetu imebaki mlango, ukuta wa choo
na kalenda ya mwaka jana.

Kwanza walitafuta watu.
Walimpata mtoto wa Cibalonza chini ya meza, hai.
Cibalonza hawakumpata.
Siku ya tatu wakaanza kutafuta vitu,
nami nikapewa kazi ambayo hakuna aliyeigombania:
kutenga vile vinavyouma.
Mama yako alikuwa muuguzi, wakasema,
kana kwamba ujuzi unarithiwa kama pua.

Ndoo ya kwanza ni ya mawe ya redio.
Ndivyo tunavyoyaita hapa Nyamugo,
na sasa yamelala kati ya mawe mengine
kama wageni waliochelewa matanga.
Jiwe la mlima ukiliosha linakuwa jiwe.
Hili ukilishika linatoa usaha,
linakula ukucha.
Na ndani yake zilipita habari za saa kumi na mbili,
mpira, matangazo ya vifo,
na baba akituambia nyamazeni.

Halafu chupa za soda zisizo na soda.
Nanusa kwa mbali: petroli? javeli?
ile dawa ya mende ya sokoni Kadutu?
Nani alimimina humu?
Ni sisi.
Kila mtu mtaani alitia mauti ndani ya chupa tamu,
akaisukuma chini ya kitanda,
akasema kesho nitaiandika jina.

Murhula anataka kumwaga zote ndoo moja,
apunguze safari.
Namshika mkono.
Javeli na asidi ya choo, namwambia,
zikikutana hazisalimiani.
Basi tuchome, anasema.
Kopo la rangi nalo, Murhula? Utachoma na moshi?
Anacheka mara ya kwanza tangu Jumatatu,
kisha anakumbuka, anaacha.

Mchana Nsimire anakuja akitembea kwa vidole,
kiganja amekifumba.
Dada, nimeokota mwezi. Umevunjika.
Anakifungua:
zebaki.
Inakimbia kwenye mistari ya mkono wake,
inagawanyika, inaungana,
nzuri kuliko kitu chochote mlima ulichotuletea.

Kipimajoto cha mama.
Homa ya mtaa mzima ilipita humo,
kwapa kwa kwapa.

Sikupiga kelele. Nikamwambia pole pole, inamisha hapa.
Zilizodondoka nikazisukuma kwa kadi yangu ya mpiga kura,
tone moja moja,
hadi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi,
maji kidogo juu, kifuniko, kitambaa.
Nikamnawisha mara tatu.
Alilia, si kwa maumivu:
nilikuwa nimemnyang'anya mwezi.

Ndoo sita sasa, zimejipanga mlangoni pasipo na nyumba.
Gari la komini litakuja kesho.
Kesho hiyo ina siku nne.
Nikiuliza litapeleka wapi,
yule kijana wa ofisi anatazama viatu vyake.
Chini, mfereji unajua njia,
na ziwa halikatai kitu,
na alfajiri bidoni za njano zitakuwa zimepanga foleni pale pale.
Kwa hiyo nalala karibu na ndoo zangu
kama mtu anayelinda mbuzi.

Jioni Murhula amefukua redio.
Ameikausha juani, ameipangusa kwa shati.
Nipatie mawe mawili yasiyovuja, anasema.
Nachakura kwa kijiti. Nayapata.
Redio inakohoa, inatema mchanga,
inataja jina la mtaa wetu,
inalikosea,
inazimika.

Nikayarudisha ndooni, nikafunika.
Upande wa Kabare
mawingu yalikuwa yamekaa tena.