Basi la Nne

Dundee, Februari, saa kumi jioni na giza limeshaingia.
Ghala la matofali, ghorofa ya pili, hita moja
inayokohoa zaidi ya kutoa joto.
Nina spika saba za kunizunguka, nne za darini,
na dubwana moja sakafuni, kazi yake kunguruma.
Kumi na mbili. Nazihesabu kila nikiingia
kama mama mwenye watoto wa kuazima.

Sauti haijui pa kwenda.
Uipe njia: itoke kwenye maikrofoni,
iingie kisandukuni, ipande basi,
ishuke kituo chake, kushoto nyuma, si kwingine.
Basi ndilo jina lake, kweli; mafundi wa huku husema hivyo.
Nami niliyelelewa na basi la kukomesha
(basi, nyamaza; basi, yaishe; basi, twende zetu)
nakesha nikiandika basi la kwanza, basi la pili,
nikijicheka.

Wenye makumbusho wanataka kiwanda.
Si picha. Kiwanda: mitambo ya kufuma juti
imzingire mgeni, mikanda ipite juu ya utosi.
Masikio hayapiti kichwa, tuliambiwa;
hizi nne za darini zinapita.
Na mbele, katikati, sauti ya Bi Effie Lamond
aliyeingia kufuma ana miaka kumi na mitano
akatoka sikio la kushoto limekufa.
Nilipomwambia gunia kwetu ni gunia
aliniomba nirudie mara tatu,
macho yake midomoni mwangu.

Nabonyeza. Mitambo inakuja, mtande na mshindio,
mshindio na mshindo, inazunguka vizuri,
mikanda inapita. Bi Effie hayupo.
Napandisha. Hayupo.
Kisha sakafu inatetemeka na namsikia chini ya meza,
ndani ya dubwana, maneno yamevuliwa meno,
mmm na mmm, kama mtu anayesimulia
akiwa amefunikwa magodoro saba.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga
ambao hawakuwahi kufuata kebo.
Natambaa na tochi kinywani. Gregor aliyezifunga
amehamia Aberdeen, ameacha karatasi yenye doa la chai:
ya tatu kaiita nne, ya nne kaiita tatu.
Ndilo kosa lote. Saa tano za magoti yangu.

Ila kabla sijarekebisha, Alhamisi ile, Bi Effie alifika,
koti limelowa, mjukuu kamshika kiwiko.
Nilimkalisha pale panapokutana sauti zote,
kiti nilichokipima kwa utepe, sentimita kwa sentimita.
Kushoto kwake hakukuwa na kitu.
Nusu ya kiwanda changu ilimwagika bure.
Akainuka. Akazunguka meza, akainama polepole,
akaweka kiganja juu ya dubwana
na kukaa hivyo.

"Hapa," alisema. "Kilikuja kwa miguuni."
Nikamwomba radhi kwa sauti yake kupotea,
nikaeleza tatu na nne, karatasi, Gregor.
Alinitazama midomo mpaka nikamaliza.
"Mle ndani," akasema, "ni nani aliyewahi kunisikia?"

Nimezibadilisha kebo. Lazima; wageni wanalipia maneno.
Sasa anasema mbele, katikati, safi kama kikombe kilichooshwa.
Lakini nimechepusha tawi moja jembamba
kutoka sauti yake mpaka basi la nne,
desibeli kumi na nane chini, hakuna atakayeliuliza.
Kwenye karatasi mpya, mbele ya namba hiyo,
nimeandika kwa kalamu ya wino: usiguse.

Nazima hita. Nashuka ngazi.
Taa nyekundu za nyuma zinakata kona kuelekea Lochee.
La mwisho.
Basi.