Gia Mbili kwa Mpigo

Ursus limekwama langoni,
pua barabarani, mkia uani,
na lori la maziwa linahema nyuma yake.
Novemba. Matope yameganda yakawa meno.
Ireneusz, dereva, ameshuka, amewasha sigara.
Hasemi neno. Anatazama saa yake mara mbili
ili nimwone.

Nakanyaga klachi. Nasukuma mkono wa gia:
haukubali. Nauvuta: haukubali.
Umelegea kama jino la mtoto
lakini haung'oki.
Limeshika ya pili na ya kurudi nyuma kwa mpigo.
Njia mbili zilimshinda fisi,
sembuse chuma cha mwaka sabini na moja.

Baba yuko dirishani, blanketi magotini.
"Nyundo, Bogna! Lipige nyundo!"
Miaka arobaini amelipiga nyundo.
Nachukua spana namba kumi na saba.

Boliti nne. Ya nne imeota kutu.
Naimiminia dizeli, naibembeleza, naitukana
kwa Kipolandi kwanza, kisha kwa Kijerumani
nilichookota Bremen nikikunja mashuka ya wageni.
Inatoka na ngozi ya kidole changu.

Nainua kifuniko. Oili nzito, inanuka mayai viza.
Fito tatu za chuma zimelala sambamba;
mmoja umewatangulia wenzake
kwa upana wa ukucha.
Naurudisha kwa bisibisi. Unaitika: *tak*,
ambayo kwetu ni ndiyo.
Kumbe ni hilo tu.

Nageuza kifuniko nikwangue gasketi.
Si gasketi. Ni kadibodi, imekatwa kwa mkasi,
matundu yametobolewa kwa msumari,
na chini ya oili bado pasomeka:
viatu vya msichana, vyeupe, namba 31.

Viatu vyangu vya komunyo ya kwanza.
Boksi nililolililia siku mbili;
nilitaka kumzikia njiwa humo.
"Panya," baba alisema. "Panya wamelila."

Nalipunga kuelekea dirishani.
Anavuta pazia.

Ireneusz, bila kuombwa, anang'oa kalenda ndani ya lori,
ananipa jalada lake gumu.
Nakata. Natoboa kwa msumari.

Linanguruma. Ya kwanza inaingia.
Ya pili inaingia kama kisu kwenye siagi.
Narudi nyuma, lori linapita, honi moja fupi.

"Ya tatu usiiguse!"
pazia linapiga kelele.

Naigusa. Inaruka,
inanigonga goti.