Tazama Ukurasa ??

Ijumaa usiku programu ilivishwa toleo jipya.
Jumatatu asubuhi kitabu kikaamka kimeteguka:
kurasa mia tisa za winchi ya mgodi,
na kila palipokuwa na namba ya kumwelekeza msomaji
pamesimama alama mbili za kuulizia,
kama ndugu wawili waliosahau walichotumwa dukani.

*Kengele ikilia mara tatu, simamisha ngoma,
kisha tazama ukurasa ??.*

Nje ni Kuopio, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ziwa limekuwa barabara.
Jarkko wa kompyuta alikuja na kikombe chake,
akatazama, akanywa, akasema:
elfu moja mia nane na kumi na mbili.
Akaenda zake. Namba akaniachia mimi.

Kiungo kilichoteguka hakivutwi kwa hasira.
Unakipapasa kwanza, unauliza: hapa? na hapa?
Nikafungua matumbo ya faili, mabano ndani ya mabano,
hadi nilipoufikia mwandiko wa mzee Armas Tiihonen,
aliyestaafu kabla kiti hiki hakijawa changu.
Vipande vyake alivibatiza hivi:
12breki, 40kamba, 3grisi.
Toleo jipya halitambui jina linaloanza na tarakimu.
Miaka thelathini yameitwa, yameitika;
leo yanaambiwa si majina.

Nikaandika amri ya mistari sita:
kila jina liongezewe herufi moja mbele,
kila anayeliita aliite hivyo hivyo.
Herufi yoyote ingetosha.
Nikaweka a.
A ya Armas. Hakuna atakayeiona,
hata yeye.

Zikarudi. Mia, mia tano, elfu.
Namba zikashuka ukurasani kama watoto wakitoka shule,
kila mmoja anajua kwao.
Jua la Januari, ambalo hapa huchelewa kazini
na kuomba ruhusa mapema,
lilikuwa limekwisha kutoka nilipofika la mwisho.

7novemba.

Nikaliongezea herufi. Likakataa.
Nikatafuta kwenye sura zilizofichwa, kwenye viambatisho,
kwenye nakala za zamani zilizopakwa vumbi la seva.
Jina linaitwa mara moja tu, ukurasa wa mia mbili na nne,
na hakuna popote mwenye jina hilo.
Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.
Basi huyu nani, asiyekuwapo, na lake liko?

Nikampigia Armas.
Sylvi akasema yuko nje anapasua kuni, ngoja.
Nikasikia mlango, buti, kikohozi.
Nikamsomea lile jina.

Kimya kirefu hata nikadhani simu imekatika.

"Kamba ilikatika siku hiyo," akasema.
"Hakufa mtu. Kizimba kilikuwa kitupu;
wanaume kumi na mmoja walichelewa kwa sababu ya theluji.
Niliandika aya moja. Meneja akaifuta,
akasema kitabu cha maelekezo si shajara.
Aya aliiona. Rejeo hakuliona."

"Lakini halikuelekea popote."

"Ndiyo. Programu ile ya zamani ilikuwa na adabu,
isipoona kitu inaacha pengo dogo na kunyamaza.
Nilidhani mtu atalijikwaa. Atauliza."
Akakohoa. "Umechukua muda."

Sikujibu. Kwenye skrini zile alama mbili zilikuwa zinameremeta,
nami tangu asubuhi nilikuwa naziita kosa.

Nikafungua kipande kipya baada ya sura ya kamba.
Nikakipa jina: a7novemba.
Ukurasa wa mia mbili na nne ukapepesa,
alama zikadondoka, namba ikakaa:
mia tatu na kumi na tisa.
Ukurasa wenyewe mweupe, haujaandikwa neno.

Nikaweka simu mezani, sauti juu,
vidole juu ya vitufe.
"Nianzie wapi?"

"Anza na theluji," akasema.
"Na iandike kama maelekezo, wasije wakaifuta."